Moja, Mbili, Tatu, Tano

Mtu akikuambia kwamba kucheza muziki ni starehe ya bei rahisi, kwa kuwa miguu unayo na redio ipo, mlete kwetu Sinza akae wiki moja. Salsa imekula fedha nyumbani kwangu kuliko jambo lolote tulilowahi kulipanga, na banda la kuku ambalo fedha zile zilikusudiwa bado ni nguzo nne na mabati yaliyoegeshwa ukutani. Nasema haya bila kinyongo na mtu. Najua wapo wenzangu wengi, waume kwa wake, ambao mwenzi amerudi jioni moja na jambo jipya moyoni, na nyumba nzima ikalazimika kulifuata.

Kwetu jambo lilianzia kwenye presha. Daktari alimtaka mke wangu, Mama Neema, apunguze chumvi na aupe mwili mazoezi, maana kazi yake ya ofisi ya bima ni ya kukaa kutwa. Kutembea alfajiri alikataa kwa sababu ya mbwa. Jimu alikataa kwa sababu ya vioo. Kuruka kamba alijaribu uani, jirani akaja kuuliza tunatwanga nini saa kumi na moja alfajiri. Ndipo mwenzake wa ofisini akampeleka kwenye darasa la salsa, Jumatano jioni, siku ya kwanza bure.

Alirudi saa tatu usiku, viatu mkononi, nywele zimelowa jasho, anacheka peke yake. Tangu tulipomzika baba yake sikuwa nimemsikia akicheka vile bila mtu kumsemesha. Alikula ugali wa baridi amesimama, na miguu yake ikaendelea kwenda mbele na nyuma chini ya meza kama haijapata habari kwamba darasa limekwisha. Nikamwambia, "Mama Neema, jiandikishe. Ada tutaitafuta." Neno hilo nalisimamia mpaka leo.

Ada yenyewe haikunitisha: shilingi 15,000 kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki. Aliyeshtuka ni binti yetu Neema, ambaye humu ndani tunamwita Mkaguzi. Yuko kidato cha pili, na somo la utunzaji wa hesabu amelipenda kupita kiasi. Ana kauntabuku lenye ukurasa wa umeme, wa maji, wa gesi, wa ada na wa sadaka. Usiku ule alifungua ukurasa mpya, akaandika SALSA kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini yake kwa rula. Mtoto huyu haandiki kwa wino mwekundu kitu kinachopita.

Usichoambiwa mapema ni kwamba salsa si moja. Ipo ya Kuba, ambayo Wakuba wenyewe huiita kasino, wachezaji wakizungukana. Ipo ya Los Angeles, mnakwenda na kurudi juu ya mstari mmoja, na mwili unageuza mwendo kwenye pigo la kwanza. Ipo ya New York, mstari ni uleule ila mwendo unageuzwa kwenye pigo la pili. Ipo ya Cali, kule Kolombia, ambayo miguu huenda mbio mpaka macho yanashindwa kuifuata. Mama Neema alianza na ya Los Angeles, akaipata vizuri, mwalimu akamsifu na kumwambia sasa yuko tayari kuhamia pigo la pili. Ndugu yangu, kuhama pigo moja tu ni darasa jingine na ada nyingine. Niliuliza kwa upole kama tofauti hiyo inasikika. Akaniketisha mezani, akanishika kiganja, akanipigia wimbo mmoja mara mbili: kwanza tukagonga meza na mwimbaji, kisha tukagonga na ngoma ya konga iliyojificha nyuma yake. Ni kweli, ni nyumba mbili ndani ya wimbo mmoja. Nikalipa.

Juu yake ikaja bachata ya Jamhuri ya Dominika na kizomba ya Angola. Usiku wa kucheza, ule wa mwisho wa wiki ambao wanafunzi wote hukutana, nyimbo huchanganywa, na asiyejua bachata hubaki ameketi huku kiingilio ameshalipa. Hoja hiyo Mkaguzi mwenyewe aliipitisha. Alisema kukaa kwenye kiti cha 10,000 ni hasara.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Daladala saa ile huwa zimejaa, bajaji hupandisha bei zikiona mtu ametoka kwenye muziki, kwa hiyo usiku wa kucheza naenda kumchukua mwenyewe. Huko nje ya ukumbi tuko waume kadhaa, na mke wa mtu mmoja ambaye mumewe ndiye mchezaji. Tunajuana kwa magari. Mmoja huleta karanga, mwingine ana chupa ya kahawa ya tangawizi, na tunahesabiana hasara zetu kwa sauti ya chini mpaka saa saba. Hao ndio walionifundisha kutonunua maji ndani.

Mtaani palikuwa na maneno, mnajua watu. Mzee mmoja alinivuta pembeni baada ya ibada akaniuliza kama najua mke wangu anashikwa mkono na wanaume tofauti, wimbo kwa wimbo. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba kwenye salsa ndiyo adabu yenyewe: unacheza na mtu wimbo mmoja, unashukuru, mnaachana. Nikamwambia pia kwamba presha ya mke wangu imeshuka na usiku analala. Akanyamaza kidogo, akauliza presha ilikuwa ngapi.

Sasa viatu. Hapa naomba utulie unisikilize. Soli ya kiatu cha salsa ni ngozi laini iliyokwaruzwa ikatoa vinyweleo. Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu; mchezaji akizunguka, kiatu hubaki na goti huenda, na goti halina spea. Ngozi ile huteleza kwa kiasi na kushika kwa kiasi. Haivaliwi nje, haiguswi na maji, na vinyweleo vikilala husuguliwa kwa brashi ndogo ya waya. Viliagizwa nje, 260,000, kisha kukawa na kusafirisha, kisha kukawa na ushuru. Mama Neema aliviweka juu ya kabati ndani ya mfuko wa kitambaa na kutangaza kwamba asiyevijua asiviguse. Likumbuke tangazo hilo.

Nguo nayo ina hesabu yake. Sketi ya kuzunguka hukatwa duara zima, na duara hula kitambaa mara mbili au zaidi ya sketi ya kawaida, kisha ndani yake pavaliwe taiti ili mtu akizunguka heshima ibaki palepale. Fundi cherehani alikata ya kwanza nyembamba, akisema kitambaa kingi vile ni cha mapazia. Ikakatwa nyingine.

Lakini fedha zilizonitoka darasani na dukani si kitu mbele ya zilizotoka sebuleni. Mchezaji lazima afanye mazoezi, na mazoezi yanataka nafasi. Kila jioni baada ya taarifa ya habari, sofa huenda koridoni, zulia hukunjwa, meza husimamishwa kwa upande wake, na anayetaka kwenda chooni huruka. Mwenzi wa mazoezi ni shemeji yangu, mdogo wake Mama Neema, aliyekuja kwa wiki mbili kufuatilia kazi mwaka juzi. Tunamwita Profesa. Mwongozo wa mkono wake ni mzito, ila anajua kila kitu kuhusu kila wimbo, na huwezi kula kwa amani bila somo.

Ni Profesa aliyenieleza kwamba kuanzia mwaka 1933 santuri zenye herufi GV zilianza kuleta Afrika nyimbo za Kuba, ya kwanza ikiwa "El Manicero" ya Don Azpiazú, na kwamba Wakongo walipozisikia walitambua ngoma zilizovushwa bahari na babu zao waliouzwa utumwani. Wakazishika, wakatia magitaa yao, rumba ikazaliwa. Uhuru wa Kongo ulipokaribia mwaka 1960, Joseph Kabasele na African Jazz waliusherehekea kwa wimbo wa chacha, waliourekodi Brussels. Na mwaka 1974, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman, Celia Cruz na wanamuziki wa Fania kutoka New York walitumbuiza Kinshasa, uwanja ukafurika. "Kwa hiyo shemeji," akamalizia akinyoosha mkono kuchukua paja la kuku, "fedha unayotoa ni nauli ya muziki kurudi nyumbani." Nikamwomba achangie japo nauli ya kutoka Ubungo. Akacheka kwa moyo wote, akaongeza mchuzi.

Kitindamimba wetu ana jina la marehemu baba mkwe, kwa hiyo sote tunamwita Babu. Yuko darasa la pili. Jioni zote hizo alikuwa amekaa juu ya sofa koridoni akiangalia mama yake, akigonga sufuria kwa miko miwili mapigo yale matatu kisha mawili ambayo muziki mwingi wa Kuba umesimama juu yake, na kuhesabu naye: moja, mbili, tatu... tano, sita, saba. Maana mchezaji wa salsa hukanyaga hayo tu. Nne na nane ni za kupumua. Siku moja daftari lake la hisabati likarudi limejaa wino. Tatu ongeza moja, tano. Saba ongeza moja, moja. Mwalimu wake akaomba kuonana na mzazi.

Tulikwenda wote wawili. Mwalimu alikuwa na wasiwasi wa kweli, na mimi nilimheshimu kwa hilo, kwani alikuwa ameshamkalisha mtoto dawati la mbele akidhani haoni ubaoni. Mama Neema akaanza kueleza. Kueleza kukamshinda akiwa amekaa, akasimama. Alionyesha nne iko wapi, na kwa nini hairukwi bali inanyamaziwa, na kwamba mtoto hakukosa sikio, amekosa tu kuambiwa kwamba shuleni nne inakanyagwa. Mwalimu alitazama miguu ile, akafunga mlango wa ofisi, akauliza darasa hufanyika siku gani. Babu akawekewa twisheni ya Jumamosi, na Mkaguzi akaiandika ukurasa wa SALSA bila kumuuliza mtu.

Ukurasa huohuo una miwani ya Baba Mkubwa. Vigae vya sebuleni kwetu vina ubishi, na kabla ya viatu kufika Mama Neema alikuwa ameambiwa kwamba poda ya mtoto ikimwagwa kidogo hulainisha sakafu. Kidogo cha Mama Neema mimi nakijua. Ndivyo anavyotia chumvi, ndiyo maana ya presha. Jioni hiyo Baba Mkubwa, kaka yangu, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya bintiye, alikuja na kadi za ahadi mkononi kukusanya mchango. Alibisha hodi, akaitikiwa, akaingia kwa kishindo chake cha mwenyekiti. Hakutembea hatua ya pili. Aliteleza wima, kadi zake kifuani, akapita mbele ya televisheni, akampita Profesa aliyekuwa katikati ya mzunguko, mpaka shokesi ilipompokea. Yeye mwenyewe, Mungu ashukuriwe, alitoka mzima. Miwani ilipasuka, na pia vikombe sita vya harusi yetu. Aliketi sofani koridoni, akanywa maji, akaondoka na mchango wetu pamoja na fedha ya miwani juu yake. Harusini aliieleza habari hiyo kwa kipaza sauti.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Morogoro, kwa ajili ya kliniki ya macho. Tunamwita Hakimu, naye anajua, na jina limemkaa. Asubuhi ya pili, sote tumekwenda kazini na shuleni, alishusha ule mfuko wa kitambaa kutoka juu ya kabati. Akavigeuza viatu. Akaona soli imechakaa mpaka imeota manyoya. Mama wa watu aliumia: binti yake anatembea juu ya soli hiyo, na mkwe ana gari! Hakumwambia mtu, asinidhalilishe. Alifunga khanga, akaenda kwa fundi viatu wa kona, akatoa 8,000 kutoka kwenye kibindo chake mwenyewe, na jioni tulikuta viatu vya 260,000 vimeshonwa soli ya tairi la gari, uzi wa nailoni umezunguka pande zote, kazi safi isiyovuja.

Mama Neema aliviangalia muda mrefu. Nilimwona akimeza neno moja baada ya jingine. Kisha akapiga goti kidogo, akasema, "Ahsante mama, umenifaa." Huyo ndiye niliyemuoa. Usiku chumbani alilia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, nami nikacheka naye mpaka Mkaguzi akagonga ukuta.

Kesho yake nilivirudisha kwa fundi. Alinisikiliza kwa uchungu wa mtu aliyeshona kwa moyo. Alikuwa amehakikishiwa na bibi kwamba viatu ni vya kwendea kazini, na ile soli ingewafikia wajukuu. Alifumua uzi mmoja mmoja. Tukamtoa mhanga mkoba wa zamani wa Mama Neema wenye ngozi ya vinyweleo, akaukata kwa kufuata unyayo, akaubandika. Nililipa kufumua, nikalipa gundi, nikalipa kubandika, na soli ya tairi akabaki nayo.

Hakimu akataka kujua kesi yote. Viatu gani haviendi kazini? Tukamweleza. Akaagiza apigiwe huo muziki. Profesa akaweka wimbo wa Celia Cruz, na Hakimu akasikiliza mkono shavuni, jicho moja bado lina dawa ya kliniki. "Hii si chacha yetu hii," akasema, "wameiongeza mwendo tu?" Akasimama.

Msomaji mwenzangu, nimemfahamu mama huyu miaka yote ya ndoa yangu na sikuwahi kujua. Morogoro ya ujana wake iligawanyika mara mbili. Upande mmoja Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambayo hata jina lake lilitokana na mapenzi ya santuri za Kuba, na baada ya Salum kufariki mwaka 1965 ikashikwa na Juma Kilaza. Upande wa pili Morogoro Jazz, ya Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Hakimu alikuwa Cuban Marimba damudamu. Mdogo wake, ambaye sasa yuko Kilosa, alikuwa Morogoro Jazz, na kwa ajili hiyo walipata kulala chumba kimoja bila kusemeshana. Marehemu baba mkwe, mtu niliyemjua kwa koti na kimya chake, ndiye aliyekuwa akimwinua dansini.

"Njoo, mume wangu," akamwita Babu, kama anavyomwita siku zote kwa ajili ya lile jina. Babu akashuka sofani na miko yake. Bibi akamshika kiganja, akavua kandambili, akaondoka naye juu ya vigae polepole, kiuno kikifanya kazi ambayo binti yake amekuwa akiilipia kwa mwezi. Hakukosa pigo. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na machozi, akauliza, "Mama, unahesabu vipi?"

"Nihesabu nini? Kwani nauza?"

Tangu hapo mazoezi ya nyumbani yana mwalimu wa bure, nami nilidhani ukurasa mwekundu utapumua. Kliniki imekwisha, macho yamepona, Hakimu hajataja habari za basi. Badala yake ametoa maagizo: anataka viatu vyenye soli ya manyoya, kisigino kifupi, namba 39, anataka sketi ya duara, isiyo fupi, na mdogo wake atumiwe nauli kutoka Kilosa, kwa kuwa mume aliye naye hapa hulala saa mbili. Nauli ikatumwa. Bibi Mdogo alishuka kwenye bajaji, akasikia kutoka getini kwamba ndani wanapiga Cuban Marimba, akatua begi mchangani na kukataa kuingia mpaka awekewe Mbaraka. Kesi ikasikilizwa palepale. Jumatatu na Jumanne Cuban Marimba, Alhamisi na Ijumaa Morogoro Jazz, Jumatano mama wa nyumba aende darasani kwake, na mkwe atafute viatu vya pili, namba 41.

Jumamosi nilikuwa sokoni Karume tangu asubuhi, nikigeuza viatu vya mtumba kutafuta visigino vifupi, nikavipata jozi mbili kwa bei ya kugombana, nikavipeleka kwa fundi wa kona abandike ngozi. Amepandisha bei. Nikamwambia hiyo si bei ya mteja wa siku zote. Akanijibu kwa heshima kwamba soli ya namna ile sasa inatafutwa sana mtaani, ngozi imeadimika, na hata leo mimi si wa kwanza kwenye foleni, akaonyesha benchi kwa nyundo yake. Mwalimu wa hisabati wa Babu alikuwa ameketi pale, mguu mmoja peku, anasubiri zamu.